Dawa ya mshipa wa ubongo: Ni yakini, ni dhana, au ni kubahatisha?

MIONGONI mwa maswali yanayoulizwa baada ya darsa hapa Arusha, na nadhani katika miji mingine pia, lipo moja ambalo huwezi kulikuta katika vitabu vya madrasa kwa sura hii. Mtu ana mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ubongo. Madaktari wa hapa wamekwishasema waliyoweza kusema. Kisha jamaa aliyeko Dubai au Uingereza anatuma habari kuwa iko tiba ya kupitisha dawa ya saratani moja kwa moja katika mshipa unaolisha ubongo, badala ya kutundika dripu mkononi dawa ikazunguka mwili mzima. Familia inaanza kuulizana. Tuuze kiwanja? Tuuze nyumba? Tukiacha, tutakuwa tumemuua mzazi wetu kwa mikono yetu? Na tukisema tunatawakali kwa Mwenyezi Mungu (SW), je, hiyo ni tawakkul au ni uvivu tuliouvalisha kanzu?

Majibu mawili hutolewa haraka haraka. La kwanza husema kila ugonjwa una dawa, kwa hiyo tafuta mpaka shilingi ya mwisho. La pili husema ajali imeandikwa, mwacheni mzee apumzike. Yote mawili hutolewa kwa nia njema na yote mawili yana kasoro moja: anayejibu hajauliza tiba yenyewe ni ipi, na ugonjwa wenyewe ni upi. Mwanachuoni hatoi hukumu ya nyama asiyojua imechinjwaje. Kwa nini tutoe hukumu ya dawa tusiyoijua?

Basi tuanze na dawa. Ubongo, kwa hekima ya Muumba, umewekewa ulinzi ambao viungo vingi havina. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Ehrlich, aliona kuwa rangi iliyodungwa katika damu ya wanyama inaingia karibu kila kiungo, lakini ubongo unabaki kama ulivyo. Baadaye ikafahamika kuwa kuta za mishipa midogo ya ubongo zimebanana mno, hazimpishi kila mpita njia aliyemo katika damu. Kwa mtu mzima ulinzi huo ni rehema. Kwa mwenye saratani ya ubongo unakuwa mtihani, kwa sababu dawa nyingi zinazoua saratani nazo zinazuiliwa mlangoni.

Hapo ndipo madaktari walipofikiria njia ya mshipa. Mrija mwembamba huingizwa katika ateri ya kinena, ukasukumwa taratibu huku ukiangaliwa kwa eksirei hadi shingoni, na pengine hadi ndani ya kichwa chenyewe, kisha dawa humiminwa jirani na uvimbe. Huko Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, Dk. Edward Neuwelt na wenzake waliongeza hatua nyingine. Kabla ya dawa ya saratani humiminwa manitoli, ambayo ni aina ya sukari inayovuta maji kutoka katika chembe za kuta za mishipa. Chembe zikasinyaa na milango ikafunguka kwa muda mfupi. Mgonjwa huwa amelazwa kwa nusu kaputi. Hufanyiwa hivyo siku mbili mfululizo, kila mwezi, hata mwaka mzima. Wagonjwa waliokusudiwa zaidi ni wenye limfoma inayoanzia ndani ya ubongo, ambayo ni saratani adimu.

(Hapa baadhi yetu hukimbilia kusema kuwa mzunguko wa damu kwenda mapafuni ulielezwa kwanza na Ibn Nafis, aliyefariki mwaka 1288. Ni kweli, na alikuwa faqihi wa madhehebu yetu ya Shafi'i juu ya utabibu wake. Lakini fahari ya babu haimlipii mjukuu kitanda cha hospitali.)

Hoja ya tiba hii inavutia. Katika hadithi ya Jabir (r.a) iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w) anafundisha kuwa kila ugonjwa una dawa, na dawa ikiupata ugonjwa, mtu hupona kwa idhini ya Allah. Kijana mmoja msomi aliwahi kuniambia kuwa hadithi hii ni kama inaizungumzia tiba ya mshipa: dawa inapelekwa hadi ikaupate ugonjwa ulipo. Nilimwambia asome tena. Kuufikia mtaa wa mtu si kumpata nyumbani. Mwaka 1992 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio kubwa, lenye wagonjwa zaidi ya 300 wenye uvimbe mbaya wa ubongo. Wengine walipewa dawa ya karmustini kwa mshipa wa kawaida, wengine kwa ateri ya shingoni. Waliopewa kwa ateri hawakuishi zaidi. Walioishi zaidi ni wenzao. Na baadhi yao walipofuka jicho la upande ule ule dawa ilikopitia, na wengine ubongo wao uliharibika bila kurudi. Dawa ilifika. Ugonjwa haikuupata.

Lakini usiharakishe kuitupa njia hiyo. Iko saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, retinoblastoma. Kiwambo kinachopokea picha ndani ya jicho ni tawi la ubongo lenyewe, kwa hiyo ugonjwa huu ni jirani wa karibu wa huo tunaouzungumza. Wajapani walianza kupitisha dawa kwenye ateri kwa ajili ya ugonjwa huu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2006 madaktari wa New York, Dk. David Abramson na Dk. Pierre Gobin, wakaanza kuingiza mrija hadi katika mshipa mdogo wa jicho lenyewe na kumimina melfalani. Macho mengi ambayo zamani yangeng'olewa yakasalimika. Njia ni ile ile ya ateri. Ugonjwa ni mwingine, dawa ni nyingine, na matokeo ni mengine kabisa.

Wala hadithi hii si ya Ulaya na Marekani peke yake. Katika hospitali ya taifa ya Kenyatta, Nairobi, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa chini ya Mlima Meru, Dk. Peter Clifford alikuwa akiwatibu watu wenye saratani ya nyuma ya pua, chini tu ya sakafu ya fuvu. Mwaka 1965 yeye na wenzake, Bhardwaj na Whittaker, walichapisha maelezo ya tiba yao: walimimina katika mshipa mkuu dawa kali iliyotokana na gesi ya haradali ya vitani, huku mshipa huo ukizibwa kwa muda sehemu ya tumboni, ili dawa iende juu kwenye ugonjwa na uboho wa mifupa ya chini usalimike. Katika miaka hiyo hiyo, baada ya Dk. Denis Burkitt kuueleza mwaka 1958, akiwa Kampala, uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake, Kampala na Nairobi zilikuwa zikiwapa watoto hao dawa za saratani kwa njia za kawaida.

Tazama kilichotokea. Dawa za uvimbe wa Burkitt ziliwaponya watoto, wengine kwa dozi chache tu, na leo mtoto anayefikishwa mapema ana matumaini makubwa. Ule ujanja wa kuziba mshipa haukudumu. Saratani ya nyuma ya pua leo hutibiwa kwa mionzi na dawa za kawaida. Wote wawili walikuwa madaktari wenye bidii, wote wawili walikuwa na hoja nzuri, na waliobeba mzigo wa kuthibitisha ni wagonjwa wa Afrika Mashariki ambao majina yao hatuyajui. Kuwaombea dua ni haki yao juu yetu.

Sasa turudi kwa wanachuoni. Imam Ghazali (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika kitabu cha tawhid na tawakkul ndani ya Ihya, amezigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu. Liko la yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Liko la dhana, yaani linalotarajiwa kwa nguvu, na hapo akataja kuumika na dawa za matabibu. Na liko la wahmu, la kubahatisha. La yakini kuliacha si tawakkul. Ukihofia kifo kuliacha ni haramu. La wahmu kuliacha ndiko kunakolingana na tawakkul. La kati halipingani na tawakkul ukilitumia, wala si haramu ukiliacha, na pengine kuliacha huwa bora kwa baadhi ya watu na hali.

Wengi wetu tumeusoma mgawanyo huu, lakini tunaukosea tunapoutumia. Tunadhani ni mgawanyo wa dawa: hospitali ni yakini, miti shamba ni dhana, kombe ni wahmu. Au mwingine anaugeuza juu chini. Ninavyoelewa mimi, si mgawanyo wa dawa peke yake bali wa dawa hii, kwa ugonjwa huu, kwa mgonjwa huyu, mwezi huu. Maji yale yale aliyoyataja Imam ni yakini kwa mwenye kiu, na si kitu kwa mwenye donda. Mrija ule ule wa ateri, kwa mtoto mwenye uvimbe mdogo wa jicho, umepanda hadi dhana yenye nguvu. Kwa mzee ambaye uvimbe mbaya wa ubongo umemrudia baada ya kupasuliwa na kupigwa mionzi, uko karibu zaidi na wahmu, hata uwe umefungwa katika mashine za mabilioni. Ughali na upya wa kitu havikipandishi daraja, kama ambavyo urahisi na ukale haviishushi dawa.

Watu wa Arusha hatuna haja ya mfano wa mbali juu ya wahmu. Mwaka 2011 tulishuhudia magari kutoka kila pembe ya nchi, na nchi jirani, yakipita hapa kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemekana kinatibu ukimwi, kisukari na kansa. Waislamu nao walikuwemo kwenye foleni ile, tusidanganyane. Wapo walioacha dawa zao za hospitali. Mchungaji alifariki mwaka 2021, na maradhi aliyosema yamepata tiba tunayo bado. Ninachotaka kusema ni kuwa wahmu hauna kanzu yake maalumu. Leo unaweza kuja kwenye kikombe cha mti wa mugariga, kesho ukaja kwa barua yenye nembo ya hospitali ya ng'ambo, wakala katikati, na bei kwa dola. Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa anayejifanya tabibu hali hajulikani kuwa na utabibu, anadhamini madhara atakayoyasababisha. Wakala anayemuahidi mgonjwa asichokijua yuko karibu sana na onyo hilo.

Na liko baya zaidi, ndilo hasa lililonifanya niandike. Tiba ya mbali isiyo na uhakika huwafanya watu waiache ya karibu yenye uhakika. Chukua huyo huyo mtoto wa jicho. Dalili yake mara nyingi ni mboni kung'aa nyeupe, kama jicho la paka usiku, na pengine huonekana kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera. Kama kilomita 80 kutoka hapa, KCMC Moshi, wako madaktari wa macho. Ugonjwa ukiwa bado uko ndani ya jicho, kuling'oa jicho hilo kwa kiasi kikubwa kunaokoa maisha. Lakini wapo wazazi wanaosikia neno "kung'oa" wakamchukua mtoto wakarudi naye nyumbani. Wakisikia kuwa ng'ambo kuna mrija unaookoa jicho, ndiyo kabisa, wanaanza michango. Michango inachukua miezi. Uvimbe hausubiri, unatoka kwenye jicho, unafuata mshipa wa fahamu, unaingia katika ubongo. Pesa inapotimia hakuna tena jicho la kuokoa wala maisha. Hapa nasema bila kutafuna maneno: kwa mtoto huyu, kwenda Moshi wiki hii ni karibu sana na fungu la maji na mkate, na kumzuia si subira. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha saba mwezi Mei 1992, ilieleza kuwa matibabu huwa wajibu pale ambapo kuyaacha kunapelekea kuangamia kwa nafsi au kiungo, na kwamba huwa makuruhu pale ambapo kunahofiwa dawa italeta madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Azimio moja lina pande mbili, na sisi tunapenda kusoma upande tunaoutaka.

Kwa yule mzee wa uvimbe uliorudi, mambo ni tofauti. Watoto wake wanataka kuuza nyumba ya Ngarenaro anayoishi mama yao. Hakuna mwanachuoni ninayemjua anayewawajibishia hilo. Wengi wa mafaqihi wa kale hawakuona hata matibabu ya kawaida kuwa wajibu. Kwetu Mashafi'i yanapendekezwa, na Imam Ahmad amenukuliwa akiona kuacha ni bora. Mtume (s.a.w) alipomzuru Saad bin Abi Waqqas (r.a) mgonjwa, akamkataza kusia zaidi ya theluthi, sababu aliyoitoa ni kuwa kuwaacha warithi wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wanawanyooshea watu mikono. Hadithi ile ni ya wasia, najua, wala matibabu ya mtu kwa mali yake hayafungwi kwenye theluthi. Lakini sababu yake inatusemesha. Mama mjane asiye na paa, kwa ajili ya tiba ambayo daktari mkweli anakuambia kuwa huenda ikaongeza wiki, huenda isiongeze kitu, ni dhara la yakini lililonunuliwa kwa faida ya wahmu.

Wapo wanaume watakaoufurahia mlango huu kwa sababu isiyo nzuri. Ni kweli kuwa katika vitabu vyetu vya kale imeandikwa kuwa mume hawajibiki na ujira wa tabibu wa mkewe wala bei ya dawa. Nimewahi kusikia mtu akiitaja kauli hiyo kwa sauti ya juu sana, mkewe akiwa amelala wodini. Wanachuoni wa zama zetu, akiwemo Sheikh Wahba Zuhayli, wamesema matibabu leo yamekuwa haja ya msingi kama chakula, na yanamlazimu mume. Na anayetaka kuuacha wahmu aanze na wa kwake, asianze na wa mke.

Kisha kuna mwenye kichwa chake. Katika vikao hivi vyote vya ukoo, mgonjwa mara nyingi hayumo. Majibu yanafichwa, anaambiwa ni kichwa cha kawaida tu, na watu wanagawana hukumu ya mwili wake sebuleni. Tunaita huruma. Lakini Ibn Abbas (r.a) alimuonesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mmoja mweusi, akamwambia huyu ni katika watu wa Peponi. Alikuwa na kifafa, ugonjwa wa ubongo, akamwendea Mtume (s.a.w) kumuomba amwombee. Mtume (s.a.w) hakumuamulia. Alimpa hiari: asubiri naye apate Pepo, au amwombee apone. Mwanamke akachagua subira, akaomba jambo moja tu, asifunukwe mwili anapoanguka, akaombewa hilo. Hadithi iko katika Bukhari na Muslim, na wanachuoni wameitumia kuthibitisha kuwa kuacha matibabu si dhambi. Mimi huona ndani yake jambo jingine pia: aliyeulizwa ni mgonjwa. Hakuulizwa kaka yake wala kamati ya msikiti. Na ombi lake lilikuwa la heshima ya mwili wake, jambo ambalo hakuna mwingine ambaye angelifikiria kwa niaba yake.

Mtu akichagua kuingia katika jaribio la tiba mpya akijua kuwa ni jaribio, pia ana fungu lake. Akinuia kuwa hata asipopona yeye, elimu itakayopatikana iwafae wa baadaye, sioni kwa nini nia hiyo isiwe sadaka. Sharti ni ajue. Aliyeambiwa ni tiba kumbe ni jaribio ameibiwa hata thawabu ya nia yake.

Kwa hiyo kamati zetu za misikiti, zinapoletewa karatasi ya mchango, zina haki ya kuuliza kabla ya kusimamisha tangazo baada ya sala ya Ijumaa. Je, kinyama kimekatwa na kupimwa, ugonjwa unajulikana kwa jina? Je, daktari wa Muhimbili au wa KCMC ameiona barua hiyo ya ng'ambo, na amesema nini? Katika wagonjwa kumi wa aina hii wangapi hupona, au hupata muda, na muda gani? Mgonjwa mwenyewe anataka? Kuuliza hivi si ubakhili. Fedha za Waislamu ni amana, na mara nyingi zile zile zingeweza kumlipia mzazi wa Kaloleni nauli na malazi ya Moshi, au kipimo cha picha ya kichwa kwa kijana ambaye hata hajajua anaumwa nini.

Na pale jibu linapokuwa kwamba hakuna la kuongeza, bado liko la kufanya, na hili ni katika fungu la yakini. Maumivu yanatibika. Uganda, tangu Dk. Anne Merriman aanzishe Hospice Africa mwaka 1993, morfini ya maji ya kunywa imewafikia wagonjwa hadi majumbani mwao. Hapa kwetu Hospitali ya Selian, pale Ngaramtoni, imekuwa na huduma ya tiba shufaa kwa miaka mingi. Ni ya Walutheri, na mgonjwa wako wa Kiislamu atapokewa. Kwa nini sisi hatuna ya kwetu mpaka leo ni swali la makala nyingine, nami nitaliandika inshaallah. Kwa sasa, mwenye mgonjwa ambaye halali usiku kwa kichwa asisubiri viza. Aulizie morfini kesho asubuhi.

Wallahu a'alam.